Orpha Kabulo, Mkuu wa Kaya ya Mtu Mmoja

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Nawasalimu nyinyi wa kambi ya Mantapala mliokaa karibu na mbabula, majiko yetu ya makaa, nyinyi wa Kashikishi mnaofunga vibanda, nyinyi wa Chienge, na nyinyi wa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, ambao sauti yetu inawafikia bila kuonyesha karatasi kwa mtu yeyote. Sogezeni redio. Mwenye kupika na apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja wa hapa kwetu, jina lake Orpha Kabulo.

Narudia jina, maana wengi wenu mlimjua bila kulijua. Orpha Kabulo. Ni yule mama mwembamba aliyeuza chisense, wale samaki wadogo wakavu, pembeni ya soko la Mantapala. Ukimwomba nyongeza alikutazama kwanza, kisha akaongeza, halafu akageuza uso upande mwingine ili usimshukuru. Amefariki mvua zilipokuwa zinaelekea kwisha. Amezikwa hapa hapa Mantapala. Aliishi kati yetu miaka mingi, na karibu yote aliishi peke yake.

Orpha alizaliwa kijiji kimoja upande wa Pweto, huko Kongo. Aliolewa na Ngoy, fundi wa injini za boti, mtu wa maneno matamu na mikono myeusi kwa oili. Walipata mtoto mmoja, binti, wakamwita Laurentine. Mtoto alipofika umri wa shule walimpeleka Kilwa, kwa mama yake Ngoy, kwa sababu shule ya kule ilikuwa na walimu. Basi vita vikaja. Ngoy alikuwa amekwenda Lubumbashi kutafuta vipuri. Orpha alikuwa nyumbani peke yake. Alifunga sufuria kwenye kitenge, akafuatana na majirani, wakatembea hadi wakaingia Zambia.

Tuelewane vizuri hapo, wasikilizaji. Baba Lubumbashi, mtoto Kilwa, mama Zambia. Nyumba moja, pande tatu.

Waliofika walipangwa mstari kuandikishwa. Karani aliuliza, mkalimani akatafsiri: mkuu wa kaya ni nani? Orpha alikuwa na sufuria yake na kitenge chake, hakuna mtu mwingine. Akajibu, "Ngoy." Yuko wapi huyo Ngoy? "Anakuya." Karani akaandika Ngoy juu, na Orpha chini yake. Ndivyo alivyoambiwa, ndivyo alivyoandika.

Nani kati yetu atamcheka? Mama Suzanne, jirani yake Orpha, alikuwa nyuma yake kwenye mstari ule ule. Nilipomwendea kwa ajili ya kipindi hiki alicheka, kisha akafuta macho. Akaniambia: "Siye bote tulisema bwana. Kulikuwa mama moya, bwana yake alikufa ku njia, tulimuzika naye. Naye alisema bwana. Sasa ungesema nini? Useme miye njo shefu? Batu ya bwana basikie?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Mwanamke aliyeolewa akisimama mbele ya serikali akasema nyumba hii mkubwa ni mimi, amemzika mumewe kwa mdomo. Wakwe wakisikia, ni kesi. Mtoto naye anaanza kuulizwa baba yake ni nani. Hakuna aliyetulazimisha kujibu vile siku ile. Tulijibu wenyewe, kwa adabu, na adabu ile ikaandikwa kwenye faili.

Ngoy hakuja. Mwanzo alisema kwa simu kwamba atakuja kiangazi. Kiangazi kikapita. Baadaye Ghislain, mfanyabiashara wa samaki anayevuka ziwa kila juma, alileta habari: Ngoy yuko Lubumbashi, ana bibi mwingine, mke wa pili, ana karakana. Ghislain mwenyewe ananiambia aliogopa kusema. Alidhani mama wa watu ataanguka. Orpha alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: "Alinenepa?" Ghislain akasema ndiyo, alinenepa. Orpha akarudi kugeuza samaki wake juani.

Nawaambia wanaume mnaosikiliza, msizime redio. Sijafika kwenu bado.

Sasa niwaambie alivyoishi. Alijenga nyumba yake mwenyewe, udongo na nyasi, na kila mwaka alipaka kuta upya kabla ya mvua. Alilima mihogo kwenye kiwanja alichopewa. Kitu kilichomsumbua kilikuwa chakula. Bukari, yaani ugali wetu, haukubali kupikwa wa mtu mmoja. Ukitia unga kidogo unashika chini, ukitia wa kutosha unabaki. Orpha alipika wa kutosha. Uliobaki aliula asubuhi, baridi, amesimama mlangoni.

Jioni alikwenda kwa Mama Suzanne. Alikaa kwenye kizingiti. Mama Suzanne anasema: "Haseme kitu. Naongea miye, naosha sahani, nagombeza batoto. Yeye anakaa tu. Kisha anaamuka, anakunguta kitenge, anasema, aya, leo tuliongea sana."

Siku ya soko kubwa alipewa kibali cha kutoka kambini, akapanda gari hadi Kashikishi kununua chisense. Lakini kabla ya kununua alikuwa na safari nyingine. Nyuma ya vibanda vya samaki kuna kichuguu kirefu. Mnakijua. Ukipanda pale juu na kadi ya simu ya Kongo, mtandao wa ng'ambo unakuja. Orpha alivua malapa, akapanda kwa mikono na magoti, mama mzima, watoto wakimcheka. Akasimama juu, akapiga Kilwa, akaongea na Laurentine.

Mtoto alikua kwenye sikio lake, wasikilizaji. Hakumwona akipoteza meno, hakumsuka. Alisikia sauti tu ikibadilika. Mwanzo Laurentine aliuliza, "Mama, utakuya lini?" Kila mara, utakuya lini. Halafu siku moja hakuuliza tena. Alisema, "Mama, ulishinda vizuri?" Vile vile unavyomsalimu jirani. Siku hiyo Orpha aliporudi kwa Mama Suzanne, alisema, na mara hii alisema kweli: "Mutoto yangu ananiheshimu kama mugeni."

Mtanijibu: si angevuka akamchukue? Ziwa ni hilo hapo, siku hewa ikiwa safi milima ya kule unaiona. Wapendwa, mkimbizi akirudi alikokimbia, anaulizwa alikimbia nini. Na msichana akivuka bila karatasi ya mzazi, anarudishwa na boti ile ile. Njia ilikuwa moja, kupitia ofisi.

Orpha alikwenda ofisini. Alitaka kitu kimoja tu, na hakupata kutaka kingine mpaka kufa kwake: aletewe binti yake. Wakafungua faili. Wakamwambia, ombi la kuleta mtoto linatoka kwa mkuu wa kaya. Mkuu wa kaya ni Ngoy. Ngoy aje asaini. Orpha akasema Ngoy hayuko. Basi amekufa? Hapana, hakufa. Amekuacha? Orpha akafunga kitenge chake upya. Karani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mpole, Mzambia wa mkoa huu wa Luapula, akamwambia kwa Kibemba taratibu kabisa, "Bamayo, mama, lazima niandike kimoja. Amekufa au amekuacha." Orpha akainuka, akamshukuru, akaenda kuuza samaki wake.

Alirudi tena. Alirudi mara nyingi. Swali lilikuwa lile lile, na jibu lake lilikuwa lile lile: "Niko na bwana. Hayuko." Ofisi haina mahali pa kuandika maneno hayo mawili pamoja.

Mama Suzanne alimgombeza. Alimwambia sema amekuacha, si ni kweli? Orpha akamjibu: "Nikisema aliniacha, Laurentine atakuwa mutoto ya nani kule? Analala ku nyumba ya mama ya Ngoy. Anakula ku sahani yao. Miye niko huku, sitasikia venye banamwambia." Ndiyo hesabu aliyokuwa nayo kifuani. Kumleta mtoto kulihitaji maneno ambayo yangemchafua mtoto.

Basi wakaja wageni kutoka mji mkuu. Walikuja na sera ya taifa ya uhamiaji. Walitaka kukutana na wanawake, wanawake peke yao. Tulikusanyika kwenye banda la kanisa. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja, Matildah, mtu wa miwani na sauti ya chini. Akasoma. Maneno yakapita kwenye Kiingereza, yakaingia Kibemba, yakafika kwetu kwa Kiswahili yakiwa yamechoka kidogo, lakini yalifika: usawa wa jinsia. Mwanamke mhamiaji ahesabiwe yeye mwenyewe, asifichwe nyuma ya mtu. Wanawake wakapiga makofi. Sisi tunajua kupiga makofi. Mgeni akisoma kitu, unapiga, soda inakuja.

Matildah hakuketi. Akauliza kama kuna mama ambaye maneno haya hayajamfikia. Kila mtu alitazama vidole vyake vya miguu. Orpha Kabulo akasimama.

Nilikuwepo, na mashine yangu ya kurekodi ilikuwa imewashwa. Haya ndiyo maneno yake, sijaongeza wala kupunguza: "Miye ni Orpha Kabulo. Ngoy njo bwana yangu. Hakukufa, iko Lubumbashi na bibi mwingine. Miye sikumukana. Lakini nyumba ya huku nilijenga miye. Kuni natafuta miye. Nikigonjwa, naugua miye tu. Mukubwa wa nyumba, njo miye. Simuzike mutu mwenye iko muzima. Naomba mutoto yangu."

Akakaa chini. Wazee wawili wa kike walitoka bandani bila kuaga. Mama mmoja alijifunika mdomo kwa kitenge. Hakuna aliyepiga makofi. Matildah alingoja tafsiri, na ilipomfikia alivua miwani, akamwambia karani wake aandike hivyo hivyo, bila kuchagua. Kisha akamwambia Orpha kwa Kibemba, "Natotela, bamayo." Asante, mama. Alisema mara mbili.

Sitawadanganya kwamba mambo yalikwenda mbio. Yalikwenda mwendo wa ofisi. Lakini yalikwenda. Faili lilibadilishwa. Jina la Orpha Kabulo likaandikwa juu, na chini yake hapakuwa na mtu. Kaya ya mtu mmoja, mkuu wake Orpha Kabulo. Na baadaye ruhusa ikatoka: Laurentine anaweza kuvuka, kwa jina la mama yake. Mama Suzanne anasema siku ile Orpha alipika bukari kubwa, akaita watoto wa jirani wote, akakaa akiwatazama wanavyokula.

Ruhusa ilikuwa imechelewa, wasikilizaji. Neno lilikuwa limeshavuka ziwa.

Mnajua neno linavyosafiri hapa kwetu. Halina haja ya kibali. Kutoka bandani lilitoka likiwa, Orpha amesema mkubwa wa nyumba ni yeye. Sokoni Kashikishi lilikuwa, Orpha amesema hana bwana. Lilipanda boti pamoja na magunia, na liliposhuka Kilwa lilikuwa, Orpha amemzika Ngoy mbele ya serikali ili apewe msaada. Mama yake Ngoy, kikongwe ambaye Laurentine humwita nkambo, alikaa chini akalia kilio cha mwanawe aliye hai. Majirani wakaja kumliwaza. Laurentine alikuwa pale, akiwapa watu maji ya kunawa.

Orpha alikwenda Kashikishi na habari yake njema. Akapanda kichuguu. Mama Suzanne alibaki chini na vikapu, na alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Upande wa pili Orpha alimweleza baadaye, neno kwa neno, kwenye kile kizingiti.

"Mama, ni kweli ulimuzika papa?"

"Sikumuzika. Nilisema iko muzima."

"Batu bote banasema."

"Batu bote habakukuwa pale, mama. Laurentine, karatasi ilitoka. Utakuya kwangu."

"Nkambo anauliza, kama papa alikufa, miye ni mutoto ya nani?"

"Ya Ngoy. Ya Ngoy na ya kwangu."

"Sitakuya, mama."

Simu ikakatwa. Orpha alibaki juu. Mama Suzanne alimwita, akamwita tena, mpaka wauza samaki wakageuka kutazama. Aliposhuka magoti yake yalikuwa mekundu kwa udongo. Hakununua chisense siku hiyo.

Maneno yaliyompatia mtoto kwa serikali ndiyo yaliyompokonya mtoto kwa ukoo. Mimi hilo linaniuma hadi leo, na sioni kwa nini nilifiche.

Watu walimshauri amtume mtu amchukue binti kwa nguvu. Karatasi si anayo? Orpha akakataa. "Mutoto si muzigo," alisema. "Nilimufungulia njia. Kutembea ni yake." Akaendelea kupanda kichuguu siku za soko. Simu ya kule iliita na kuita. Wakati mwingine ilipokelewa, hakuna aliyesema kitu, ila mlio wa kuku na mtu anayepumua. Orpha aliongea hivyo hivyo. Alisimulia mihogo yake, mvua, mtoto wa Suzanne aliyeanza kutembea. Alijua ni nani anayepumua.

Halafu ukaja msimu wa kufungwa uvuvi. Ziwa linapumzika, soko halina samaki, hakuna sababu ya kupewa kibali cha kutoka. Orpha alikaa kambini. Kikohozi kilimshika, kikashuka kifuani. Mama Suzanne alimpeleka kliniki, wakamlaza, wakamtibu. Jioni moja alimwambia Suzanne amtengenezee chai, na chai ilipofika alikuwa amekwisha kwenda.

Tulimpigia Ngoy. Alilia, tulimsikia akilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Hakuja. Tulipiga Kilwa pia. Mtu akapokea, akasikiliza, akakata.

Makaburini mchungaji alimaliza sala akarudi nyuma hatua moja, akangoja. Kwetu udongo wa kwanza hutupwa na mtoto, au ndugu wa damu. Watu walitazamana. Wengi walikuwepo, wale wazee wawili wa kike pia, wamekuja mapema kuliko wote. Lakini damu ya Orpha haikuwepo hata tone. Tulisimama hivyo mpaka wachimbaji wakaanza kubadili miguu. Mwisho Mama Suzanne akainama, akachota.

Wasikilizaji wapendwa, nafika mwisho. Kwanza ninyi mnaoandika sera. Maneno yenu ni mazuri, na Mama Matildah aliyatendea haki. Lakini sera humfikia mwanamke kwa swali analoulizwa mezani. Swali likimtaka azike mtu aliye hai ndipo apewe mtoto wake, huo usawa bado uko mji mkuu, haujapata gari. Muulizeni nani anaishi na nani anatunza. Inatosha.

Na sisi wengine. Orpha hakushindwa na ofisi. Ofisi alikwisha kuishinda. Ni midomo yetu, ya hapa na ya Kashikishi na ya Kilwa, iliyomaliza kazi. Ngoy ana wake wawili na hakuna aliyemuuliza kama amemzika mtu. Wanaume, nilisema nitafika kwenu, nimefika. Kila mmoja alale na hilo leo.

Sasa salamu za pole. Pole kwa Mama Suzanne na watu wa mtaa wake. Pole kwa Ngoy, huko Lubumbashi. Pole kwako nkambo wa Kilwa. Mwanao yu hai, na mke wake alisema hivyo mbele ya serikali. Umesikia maneno yenyewe jioni hii, sio yale ya gunia la samaki.

Na wewe Laurentine. Redio ya nyumba yenu inatupata, Ghislain ameniambia. Tumekwenda kuuliza ofisini: ruhusa ile haijafutwa, bado unaweza kuvuka. Hakuna atakayekushika mkono. Mama yako hakutaka ushikwe mkono.

Kaburi liko upande wa mihogo, la mwisho kwenye safu. Msalaba tumeusimamisha, wa mbao. Kwetu jina huandikwa na mtu wa damu. Wengine walitaka tuandike Mke wa Ngoy, wengine Mama Laurentine, wengine Orpha Kabulo. Tumebishana, tumeacha. Msalaba hauna neno. Rangi na brashi viko kwa Mama Suzanne.